Maswali ya Wasomaji: Kitabu cha mapishi cha kikundi, na haki ya aliyeandika

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote kanda ya Ziwa, na zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: vikundi vinataka kuchapa kitabu cha mapishi, lakini vinaogopa sheria, vipimo na gharama. Tumejibu zile zinazogusa wengi.

Kikundi chetu cha akina mama kina mapishi 60 kwenye daftari. Baadhi ni ya nyumbani, mengine wanachama wameyanakili magazetini, mitandaoni na nyuma ya pakiti za unga. Mjumbe mmoja anasema ukibadilisha vitu vitatu pishi linakuwa lako. Ni kweli?
*Katibu, Igoma, Mwanza*

Hapana, Katibu. Hiyo idadi ya vitu vitatu haimo katika sheria yoyote, ingawa inarudiwa sana. Mnaweza kubadilisha vitu kumi na bado mkawa mmenakili, au msibadilishe hata kimoja na mkawa salama kabisa. Kinachoangaliwa ni kile mlichokichukua.

Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999. (Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake.) Sheria hii inalinda maandishi, picha na michoro ambayo mtu ameibuni kwa akili yake. Hailindi wazo, utaratibu wala njia ya kufanya jambo. Kwamba sato hukaangwa kwanza ndipo aungwe kwa nyanya na nazi, hiyo ni njia, na njia haina mwenyewe. Orodha tupu ya viambato na vipimo vyake ni taarifa tu, nayo iko huru. Lakini maelezo ambayo mwandishi ameyatunga kueleza njia hiyo, utangulizi wake, picha yake na mchoro wake ni mali yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hahitaji kuwa ameyasajili popote.

Nchi nyingine zinafikiri vivyo hivyo. Marekani mwaka 1996, mahakama ya rufaa iliamua kesi ya kampuni mbili za uchapishaji zilizogombania mapishi ya mtindi. Ilisema viambato na hatua tupu za kupika havina ulinzi wa hakimiliki, ila maneno ya ubunifu yanayoongezwa juu yake yanaweza kuwa nao.

Sasa daftari lenu. Ligawanyeni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mapishi yaliyotoka mkononi mwa mwanachama, yaani anayapika na ameyaeleza mwenyewe. Hayo hayana tatizo. Fungu la pili ni yale yaliyonakiliwa kwa mwingine, iwe neno kwa neno au kwa kubadilishabadilisha. Hayo msiyahariri, kwa sababu ukikaa na maandishi ya mtu na kuyageuza sentensi moja moja, utaishia na sentensi zilezile zilizovaa nguo nyingine. Fungeni daftari. Mwanachama apike chakula hicho kama anavyokipika kwake, na mwingine akae pembeni na mizani, saa na karatasi, aandike anachokiona. Mkimaliza, msirudi kwenye maandishi ya zamani "kulinganisha maneno".

Mtashangaa jinsi matokeo yanavyotofautiana. Pishi lililonakiliwa linasema "kaanga vitunguu hadi viwe na rangi ya dhahabu ya kuvutia". Aliyeandika akiwa jikoni Igoma anaandika "kaanga kitunguu dakika 6 kwa moto wa wastani, hadi kingo zianze kuwa kahawia". La pili ni lenu, tena linamfaa zaidi mpishi.

Maandishi ya nyuma ya pakiti ni ya kampuni, kwa hiyo yanafuata njia hiyohiyo. Na jihadharini na jambo moja linalosahaulika: mkichukua mapishi 40 kati ya 60 kutoka kitabu kimoja, kwa mpangilio uleule, mna kosa hata kama kila sentensi ni yenu, maana uchaguzi na mpangilio wa mkusanyo nao unalindwa. Kutaja chanzo ni ustaarabu tunaousisitiza, ila hakuondoi haja ya ruhusa pale mlipochukua maneno au picha za mtu.

Wanachama wetu wanasema "fungu moja la dagaa", "karanga kiasi", "sado ya unga". Tukiwabana wanasema wao hupima kwa jicho. Tutaandikaje?
*Mratibu wa kikundi, Sengerema*

Msiwabane kwa maswali. Wapimieni wakiwa wanapika. Mpishi anayepima kwa jicho anapima vizuri sana, ila kipimo chake kiko mkononi na hakitoki kwa kuulizwa.

Mnahitaji mizani moja ya jikoni ya dijitali inayoonyesha gramu, jagi la kupimia lenye mistari ya mililita, na seti ya vijiko vya kupimia. Kubalianeni tangu siku ya kwanza: kijiko cha chai ni ml 5, cha chakula ml 15, kikombe ml 250. Vikombe vya nyumbani havilingani, vingine vinaingiza ml 200 na vingine 300, na tofauti hiyo inaharibu maandazi. Kabla mpishi hajaanza, pimeni kila kiambato kikiwa kwenye bakuli lake. Akimaliza, pimeni kilichobaki. Tofauti ndiyo aliyotumia. Hakuna haja ya kumsimamisha kila anapochota.

Sado na fungu viandikwe pia kwa sababu ndivyo mtu anavyonunua sokoni, lakini vitangulizwe na gramu. Fungu la soko la Mwaloni Kirumba na fungu la gengeni kwenu si sawa, na hata kwa muuzaji mmoja fungu hupungua dagaa wakiadimika. Kikombe cha mchele ni kama gramu 200, cha unga wa ngano uliochotwa bila kushindiliwa kama gramu 125 hadi 130. Unga wa mahindi pimeni wenyewe, maana sembe na dona havilingani uzito, na dona hunywa maji zaidi.

Tuchukue dagaa wa karanga, pishi ambalo kila kikundi cha Ziwa kitalitaka. Daftarini huwa hivi: "Osha dagaa, kaanga na kitunguu na nyanya, weka karanga, acha zichemke." Anayelijua anaelewa. Asiyelijua atakula mchanga na karanga zenye mabonge. Likiandikwa kutoka jikoni linakuwa hivi:

Kwa watu 5 au 6. Dagaa wakavu wa Ziwa gramu 200. Karanga zilizokaangwa na kusagwa laini gramu 150. Kitunguu 1 kikubwa, gramu 100. Nyanya 3, gramu 300. Mafuta vijiko 3 vya chakula. Chumvi nusu kijiko cha chai. Maji ya uvuguvugu ml 500, mbali na ya kuoshea.

Loweka dagaa katika maji ya uvuguvugu dakika 5. Watoe kwa mkono ukiwainua juu, usimwage maji pamoja nao, kwa sababu mchanga umeshakaa chini ya bakuli. Rudia hadi bakuli libaki bila mchanga. Walioanikwa chini huhitaji mara tatu au zaidi, walioanikwa kwenye chanja mara moja inatosha. Kaanga dagaa kwa mafuta dakika 4 hadi waanze kukauka, watoe. Katika mafuta yaleyale kaanga kitunguu, kisha nyanya hadi ziive na mafuta yajitenge. Koroga karanga kwenye ml 500 za maji pembeni mpaka zilainike, ndipo umimine. Zikiingia sufuriani zikiwa kavu hufanya mabonge yasiyovunjika. Rudisha dagaa, tia chumvi. Punguza moto, pika dakika 12 hadi 15 ukikoroga hadi chini kabisa, maana karanga hushika kitako cha sufuria upesi. Imeiva mafuta ya karanga yakielea juu.

Kila "kwa sababu" na "maana" hapo imetokana na kosa ambalo mtu hulifanya. Mtazipata kwa jaribio moja: mpeni pishi lililoandikwa mtu asiyewahi kulipika, mwenye pishi akae kimya. Kila swali atakalouliza ni mstari uliokosekana. Jaribuni pia kwenye gesi na kwenye mkaa, mwandike dakika za pande zote mbili pale zinapotofautiana.

Mapishi mengine yanahitaji uangalifu zaidi ya ladha. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na hatua za kuuvundika, kuuponda na kuuanika mpaka ukauke kabisa ndizo zinazoiondoa. Wilayani Tarime mkoani Mara, mwaka 1985, watu walipatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na muhogo ambao haukutayarishwa ipasavyo, wakati chakula kilikuwa haba na hatua zilifupishwa. Basi pishi la ugali wa udaga (muhogo uliovundikwa na kukaushwa) liandikwe siku za kuvundika zote bila kukata, na liseme wazi kwamba zisipunguzwe. Karanga au mahindi yaliyoota ukungu yatupwe; kukaanga hakuondoi sumukuvu. Na msiandike "sato wadogo wadogo": sato wa chini ya sentimita 25 na sangara wa chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi kuvuliwa.

Wanachama wawili wanagombana, kila mmoja anadai nsansa ya karanga ni ya mama yake.
*Mwenyekiti, Magu*

Mama Mwenyekiti, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) ni ya Wasukuma wote, kama ilivyo michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakuna mwanachama anayeweza kuimiliki, na kikundi hakiwezi pia. Kila mmoja aandike anavyoipika. Mkikuta tofauti ya kweli, mathalani mmoja anatia magadi na mwingine hatii, chapeni zote mbili ukurasa mmoja, kila moja na jina chini yake. Wasomaji hupenda sana kurasa za namna hiyo. Mkikuta hakuna tofauti, pishi liwe moja na majina mawili.

Tumepata picha nzuri za vyakula kwenye intaneti, bila jina la mpiga picha. Tunaweza kuzitumia?
*Mhazini, Kirumba*

Msizitumie. Picha ina mwenyewe hata isipokuwa na jina, na hapa hakuna nafasi ya kusema "ni njia tu", kwa sababu picha yenyewe ndiyo ubunifu. Tena dai la picha ni rahisi kulithibitisha: picha inalinganishwa na ya asili na jambo limekwisha.

Pigeni zenu. Simu ya kawaida ya siku hizi inatosha. Wekeni sahani karibu na dirisha au mlangoni, mwanga uingie kutoka ubavuni, taa ya ndani izimwe na flashi isiwashwe. Pigeni chakula kikiwa bado na mvuke, kabla mchuzi haujaganda juu. Kwa ukurasa mzima wa A5 (nusu ya karatasi ya A4) unaochapwa kwa nukta 300 kwa inchi, picha iwe na angalau pikseli 1,748 kwa 2,480. Kinachoharibu picha nyingi ni kuzituma kwa WhatsApp kama picha: programu huzibana na zinafika matbaa zikiwa na ukungu. Zitumeni kama faili la hati, au mzipeleke kwa flashi diski.

Mkimlipa kijana wa studio, msidhani malipo yamewapa kila kitu. Andikeni karatasi inayosema picha zitatumika kitabuni, kwenye matangazo yake na matoleo yajayo, na jina lake litatajwa. Mtu anayeonekana usoni naye aulizwe. Majina, nyuso na namba za simu ni taarifa binafsi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hazichapwi kwa mazoea.

Mwenzetu ni mpishi hotelini na anataka kutoa sosi ya samaki ya hoteli hiyo kitabuni.
*Mwanachama, Capri Point*

Hapa hakimiliki si tatizo, mkataba wa kazi ndio. Kama amesaini kutunza siri za mwajiri, akiitoa amevunja ahadi, na kikundi kilichochapa huku kikijua kitaingizwa kwenye ugomvi. Asome mkataba wake, kisha aombe ruhusa kwa maandishi. Akikataliwa, atoe sosi anayoipika nyumbani kwake. Wala kitabu kisiipe sosi hiyo jina la hoteli. Majina ya biashara yana sheria yake.

Sisi ni wanachama 25 na tunataka nakala 400. Mkataba wa wanachama uandikweje, na bei tuipateje?
*Katibu, Nansio, Ukerewe*

Tuanze na karatasi ya ruhusa, kwa sababu vikundi vingi huikumbuka kitabu kikishaanza kuuzwa na mwanachama mmoja ameondoka kwa hasira. Kila mchangiaji asaini hii kabla pishi lake halijapangwa:

"Mimi ………, nakiruhusu kikundi cha ……… kuchapa, kuuza na kusambaza maandishi yangu ya pishi la ……… katika kitabu cha ……… na matoleo yake yajayo, kwa karatasi na kwa mtandao. Maandishi haya nimeyatunga mwenyewe. Ninabaki na haki ya kuyatumia popote ninapotaka. Jina langu liandikwe hivi: ……… Picha yangu itumike / isitumike. Mapato yatagawanywa kama kikao cha tarehe ……… kilivyoamua. Sahihi, tarehe, shahidi."

Hii ni ruhusa, haimnyang'anyi mwanachama kitu. Kuna watu watawashauri muandike kwamba haki zote zinahamia kwa kikundi moja kwa moja. Hatuoni sababu. Mama anayeuza maandazi stendi hapaswi kuomba kibali ili abandike maelezo yake mwenyewe ukutani. Haki ya kikundi iko kwenye mkusanyo: uchaguzi, mpangilio, utangulizi na sura ya kitabu. Mwanachama asiyejua kusoma asomewe kwa Kikerewe au Kijita kama ndiyo lugha anayoielewa zaidi, na shahidi aandike kwamba amesomewa. Kama kikundi hakijasajiliwa, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri kwanza, ili mkataba na akaunti viwe kwa jina la kikundi.

Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kitabu kinaweza kuuzwa bila namba hiyo, lakini maduka ya vitabu na maktaba huitaka. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mnaweza kusajili kazi yenu. Si sharti la kulindwa, ila cheti ni ushahidi mzuri siku mtu akichapa kitabu chenu upya.

Upande wa matbaa, A5 inafaa. Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4 mkibana kwa pini, na kwa 16 mkiunganisha kwa gundi, vinginevyo mtalipia kurasa tupu. Kurasa 96 zinakaa vizuri. Karatasi za ndani gramu 80 (kwa mita ya mraba) zikiwa maandishi matupu. Kama kuna picha nyingi za rangi nendeni 115 au zaidi ili wino usionekane upande wa pili. Jalada gramu 250 au 300 lililofunikwa plastiki, kwa sababu litashikwa kwa mikono yenye mafuta. Sisi tunapendelea spairo, yaani kuunganisha kurasa kwa waya wa kujizungusha, kwa kitabu cha jikoni: kinalala wazi mezani, cha gundi hujifunga mpishi akiwa na unga mikononi. Ubaya wake hakina mgongo wa kuandika jina, na maduka hayakipendi rafuni.

Bei sasa. Ombeni makadirio ya matbaa tatu, Mwanza na Dar es Salaam, mkiongeza usafiri na meli. Tuseme kwa mfano tu kwamba uchapaji ni sh. 2,800,000, kupanga kurasa 300,000, picha 200,000 na viambato vya majaribio 250,000. Jumla sh. 3,550,000. Vikundi hugawanya kwa 400. Lakini nakala 25 ni za wanachama na 15 za maktaba na zawadi, zinabaki 360 za kuuza. Kila nakala imegharimu karibu sh. 9,860. Mkiuza dukani kwa sh. 12,000 na duka likakata asilimia 25, mnapata 9,000: mnapoteza kwa kila kitabu. Kwa sh. 15,000 mnabaki na 11,250. Kama soko lenu halibebi bei hiyo, punguzeni picha za rangi kabla ya kupunguza majaribio ya mapishi.

Msilipe fedha zote kabla ya kuona nakala moja iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe. Kwenye skrini sehemu kama ½ huonekana vizuri, ikifika karatasini kwa herufi ndogo mtu anasoma 1/2 kama 12. Andikeni "nusu".

Tumeshachapa nakala 300. Pishi la maandazi linasema hamira vijiko 3 vya chakula kwa kilo 1 ya unga, ilitakiwa vya chai. Tufanye nini?
*Kikundi cha vijana, Misungwi*

Hilo ni kosa kubwa. Vijiko 3 vya chai ni kama gramu 10, vya chakula vinakaribia 30. Unga utaumuka upesi mno, utaanguka ukiingia mafuta, na maandazi yatanukia hamira. Chapeni vipande vya karatasi ya kunata vyenye mstari uliosahihishwa, mbandike juu ya mstari wenye kosa katika kila nakala iliyobaki. Karatasi ya masahihisho inayowekwa ndani bila kubandikwa hudondoka siku ya kwanza. Kwa waliokwisha kununua, wekeni tangazo palepale mlipouzia, na wapigieni wale ambao mna namba zao. Kisha rekebisheni faili leo hii, mlibadilishe jina lake na kufuta la zamani kwenye kompyuta na simu zote, kwa sababu matbaa itakapochapa tena itachukua faili lolote itakalopewa. Wakati mko humo, pitieni kila palipoandikwa "kijiko" bila kusema kijiko gani.